Ombi la Kurudishiwa Viwavi Wetu

Kwako Bwana Shamba wa eneo letu,

...na lile jambo lenyewe, ambalo sikulimaliza siku ile nilipokusimamisha njiani kwa sababu uliwasha pikipiki nikiwa katikati ya sentensi, ni kwamba vyura wako wanafanya kazi kupita kiasi. Ulipiga honi, ukaniambia kwa sauti, "Andika barua, dada yangu, mlango wa ofisi uko wazi!" Nami ni mtu wa kutii. Nilimaliza kidato cha nne, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisema barua ya malalamiko iwe na adabu, iwe na namba, na iwe na mwisho. Adabu ninayo, namba nitaweka, mwisho utaufikia ukivumilia.

Kabla ya namba, nakujulisha kwamba mimi ni bi harusi. Najua unajua, maana nilikuambia ulipofika kwetu na nikakuonyesha picha zote, hata zile zilizotoka na ukungu, lakini napenda kuliandika. Mimi ni mke wa mtu. Mume wangu ni mchora mabango. Lile bango la "KARIBUNI WATEJA, MBWA MKALI" kwenye geti la mashine ya kusaga ni kazi ya mkono wake. Kila nikipita pale nasimama nalisoma lote, polepole, kama barua niliyoandikiwa mimi.

Tulikutana dukani ninakouza rangi. Alikuja kutafuta brashi ndogo kuliko zote. Nikamuuliza, "Kaka, unawaandikia sisimizi?" Akasema hapana, ni ya kutekenya maua ya nyanya. Akanieleza kwamba nyuma ya nyumba yake ana kitalu nyumba, banda la nailoni alilolijenga mwenyewe, na kwamba humo ndani upepo hauingii na nyuki hawajui mlango, kwa hiyo asipoyatekenya maua yanapukutika bila kuzaa. Bwana Shamba, kuna wanawake walioletewa maua. Mimi nilialikwa nikayatekenye.

Uchumba wetu wote ulipita ndani ya banda hilo. Jua likishapoa tulikuwa tunaingia na tochi moja na kopo moja la maji ya sabuni. Mimi nashika tochi, yeye anapindua majani, kiwavi akionekana tunamtoa na kumtumbukiza. Sasa, wewe ni mtaalamu, lakini sidhani kama umewahi kumtafuta kiwavi wa nyanya ukiwa umependa. Ni wa kijani kama jani lenyewe, amejilaza kwenye mshipa wa jani kama mwenye nyumba. Hatafutiki na watu walioachana mkono mzima. Lazima vichwa viwili vikaribiane mpaka vipumue hewa moja. Shavu langu lilizoea harufu ya rangi ya mafuta kabla sijajua hata mume wangu anapenda chai ya namna gani. Na siku aliponiuliza kama nitakubali kuolewa naye, tulikuwa kwenye kona ya pipa la maji, yeye ameshika kiwavi mnene kati ya vidole viwili. Nilisema ndiyo kabla hajamtumbukiza. Kiwavi yule ndiye shahidi wetu wa kwanza, Mungu amrehemu.

Siku ya harusi shangazi yangu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, mapenzi ni maneno. Ndoa ni kazi. Mkipata kazi ya kufanya pamoja mtazeeka pamoja, mkikosa mtaanza kuhesabiana vijiko." Nikacheka moyoni. Kazi tulikuwa nayo tele. Tulikuwa na viwavi wa kututosha hadi uzee.

Ndipo ukaja wewe.

Ulikuja tungali tunanukia harusi. Ulisimama mlangoni mwa banda, hukuingia kwa sababu ya viatu, nami sikukulaumu, vilikuwa viatu vizuri. Ukatutajia wale uliowaita marafiki wa mkulima: chura, buibui, mjusi, nyungunyungu, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi. Ukasema tufukie beseni la maji ardhini, tupange vigae na vyungu vilivyovunjika wapate kivuli, tuinue nailoni kidogo kwa chini wapate pa kupita, nao watakuja wenyewe. Ukala nyanya mbili ukisifu, ukachukua nyingine za njiani. Mume wangu ni mtu wa kusikiliza. Alifanya yote jioni ile ile, na juu yake akachora kibao kidogo chenye neno "KARIBUNI" kwa rangi ya buluu, akakichomeka kando ya beseni. Bwana Shamba, wageni hao wanajua kusoma.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Vyura wamemaliza viwavi. Sisemi wamewapunguza, kupunguza tungelizungumza. Alianza kuja mmoja, mnene, mwenye ngozi kama gunzi la muhindi. Tulimpa jina la Mkurugenzi kwa sababu ya shingo na tumbo, lakini jina halikumkaa: aliingia kazini mapema, hakwenda semina hata moja, wala hakumwambia mtu arudi kesho. Kisha akaleta ndugu zake, na hao pia, jambo la ajabu, walikuja kufanya kazi. Jioni moja tukaingia na tochi yetu na kopo letu. Jani la kwanza, hamna. La pili, hamna. Mume wangu akapindua hadi jani la mwisho kabisa, kisha akasimama wima. Naomba usome hapo kwa makini. Alisimama wima, na shavu lake likaenda juu pamoja naye. Akasema, "Kumbe hatuna kazi." Akazima tochi ili betri zisiishe.

2. Wale wekundu wenye madoa wamekula vidukari. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, tulikuwa tunawafuta kwa kitambaa laini, mimi nimeshika jani kwa chini, yeye anafuta kwa juu, na jani la nyanya ni jembamba, mtu unaweza kumsikia mwenzako vidole kupitia jani. Sasa majani ni safi kama sahani za wageni, na kitambaa kimekuwa cha kufutia vumbi. Nilitaka niwachukie wadudu hao lakini nimeshindwa. Wamependeza kuliko nilivyopendeza mimi siku ya harusi, na hakuna aliyewashonea.

3. Nyuki. Huyu hukumtaja, lakini nailoni ikishainuliwa huwezi kuchagua anayepita. Ni yule mkubwa, mweusi, anayevuma kama mashine. Analing'ang'ania ua la nyanya, analitikisa lote kwa mpigo, anahamia la pili. Anamaliza banda zima tungali tunakunywa chai. Ile brashi ndogo, Bwana Shamba, ile brashi iliyonipatia mume, sasa inachora nyusi kwenye mabango ya saluni. Mimi si mtu wa wivu. Ila najua kuvuma kwa kazi na najua kuvuma kwa kejeli.

4. Buibui amefunga nyuzi zake kwenye kona ya pipa la maji. Nimesema kona ipi? Kona ile. Nilipotaka kupita kwa ajili ya kumbukumbu tu, mume wangu akanishika mkono, nikadhani mambo yamerudi, kumbe ananizuia. "Usimsumbue," akasema, "yuko kazini." Mimi nasimama dukani tangu asubuhi hadi jioni nikikoroga rangi za watu wasiojua wanachotaka, na sijawahi kusikia mtu akisema kwa sauti ile kwamba niko kazini.

5. Mtu aliyeachishwa kazi na chura anakwenda wapi? Anakwenda kucheza drafti. Mume wangu sasa akimaliza kazi zake za mchana hukaa kwenye benchi la kinyozi, maana nyumbani hakuna cha kuinamia. Sikumfuata, nilikuwa napita tu kwenda kununua chumvi, nikamsikia kinyozi akimwambia, "Bwana harusi, mbona umemaliza fungate mapema, au umefukuzwa?" Wote wakacheka. Na yeye akacheka. Alicheka vizuri tu, kama mtu mwenye afya njema, na hicho ndicho kilichoniuma. Anarudi nyumbani ananukia poda ya kunyolea. Tunasalimiana mlangoni, "Za kutwa?" "Nzuri, za kutwa?" kama wapangaji wa vyumba viwili. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hawakusema lolote kuhusu bi harusi.

6. Kwa kuwa sikuzaliwa kukaa nikalia, nilichukua hatua. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, tunayemwita Mama Kabichi, ana kabichi zenye viwavi wengi kama baraka. Nilikwenda na kopo langu, nikabisha hodi, nikamsalimia, nikamuuliza hali ya miguu yake, kisha nikaomba anigawie viwavi. Alinitazama usoni. Halafu akanitazama tumboni. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "ni wa kula?" Nikamjibu kwamba si wa kula, ni wa mimi na mume wangu, wa jioni. Naona sasa kwamba jibu hilo halikusaidia. Alinijazia kopo hadi juu huku machozi yakimlengalenga, akanipapasa shavu, akasema, "Kila mtu na yake. Mimi nilikuwa natafuna mkaa."

Viwavi nikawapanga kwenye majani ya nyanya mmoja mmoja, kwa umbali wa kutuchukua muda mrefu. Nilijua ni wa kabichi na hawana uzoefu na nyanya, lakini wapenzi hawachagui mjumbe. Nikamwita mume wangu atoke kwenye drafti, nikamwambia viwavi wamerudi. Alikuja mbio! Laiti ungemwona, ameshika tochi kama kijana. Tulipoingia, Mkurugenzi alikuwa amekaa katikati ya njia, amefumba macho, na nusu ya kiwavi wa mwisho inaning'inia pembeni mwa mdomo wake. Mume wangu alipiga makofi. Alimpigia makofi yeye. Kesho yake vyura walikuwa wameongezeka, maana habari za karamu zilishafika mtaroni.

7. Hili la saba ndilo zito, na naomba ukae kitini kama kweli una kiti. Mama Kabichi alimwambia muuza maziwa. Muuza maziwa anapita mtaa wa mama mkwe wangu. Habari iliyofika huko ni kwamba mkwe wao ana tumbo, na kwamba tumbo lenyewe linataka viwavi. Mama mkwe alifika kabla maziwa hayajaganda, na begi moja, na mto wake wa kulalia. Bwana Shamba, mgeni anayekuja na begi ana siku ya kurudi. Anayekuja na mto wake hana.

Nampenda mama mkwe wangu. Ndiye aliyenizalia mume, na kwa hilo pekee ningemwoshea miguu kwa maji ya uvuguvugu. Lakini amenikataza kuinama. Amenikataza kuingia bandani kwa ajili ya unyevu, kushika tochi kwa ajili ya macho ya mtoto, na kukoroga rangi kwa ajili ya pua yake. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna mtoto. Ananijibu, "Wote tulisema hivyo." Jioni anakaa kwenye benchi letu la nje, na anakaa katikati. Mume wangu upande huu, mimi upande ule, kama masikio. Na ukimya ukizidi ananionyesha banda kwa kidevu, ananiambia, "Umwone chura yule, mwanangu. Hasemi sana. Anafanya."

Kwa hiyo twende pamoja, taratibu. Kama usingekuja, beseni lisingefukiwa. Lisingefukiwa beseni, Mkurugenzi asingehamia. Asingehamia, viwavi wangekuwepo. Viwavi wangekuwepo, nisingekwenda kuwaomba kwa jirani. Nisingekwenda, nisingekuwa na mimba hii ambayo sina. Na bila mimba hiyo, ule mto ungekuwa kwenye kitanda chake kule nyumbani kwake. Si mimi niliyemwalika mama mkwe kukaa katikati yetu, Bwana Shamba. Ni idara yako.

Na kama utasema haya ni mambo madogo, nakuomba ukumbuke kwamba sisi hatuna kitu kingine. Watu wengine wana redio kubwa ya kusikiliza pamoja, au ugomvi wa kuwasaidia kufika saa ya kulala. Sisi tulikuwa na tochi moja. Nilidhani tutazeeka hivyo, tumeinama, kila mwaka tukisogeza vichwa karibu zaidi kwa sababu macho yanapungua. Naogopa yale ya shangazi. Juzi nilijikuta nahesabu vijiko.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

(a) Vyura wote wahamishiwe ofisini kwako. Nilifika pale wiki iliyopita kukutafuta, mlango ulikuwa wazi kweli kama ulivyosema, na hapakuwa na mtu nyuma yake. Inzi walikuwa wamelala juu ya mafaili, na karani alikuwa amelala chini ya inzi. Mkurugenzi angewamaliza asubuhi moja. Nasema inzi. Akipewa na kiti chako, wananchi angalau wataona kuna anayekikalia, na tumbo litatosha pale pale.

(b) Ikiwa uhamisho unahitaji vikao, basi vyura wafundishwe utumishi. Wapewe likizo. Waende semina wakarudi na mkoba mpya. Wafiwe na binamu kila Ijumaa. Wajifunze kumwambia kiwavi aje kesho na picha mbili. Kwa mwendo huo hatutakosa viwavi mpaka tupate wajukuu.

(c) Tuletewe viwavi, wa nyanya, si wa kabichi, wenye kujificha kiasi cha kutosha. Wasijifiche mno, mume wangu akakata tamaa, wala wasikae waziwazi tukawamaliza haraka.

(d) Siku zijazo, kabla ya kumshauri mkulima awaondoe wadudu wake, muulize kwanza anawatumia kwa kazi gani. Ushauri wako wapelekewe wanandoa wasiosemezana. Hao wanahitaji kumaliza bustani mapema kila mmoja aende zake. Wenye ndoa changa waachiwe magugu, ukungu, na kila balaa linalotaka watu wawili.

Nisipopata jibu tutakuja wenyewe, mimi na mume wangu, tukiwa na ndoo, na ndoo haitakuwa na maji.

Msalimie mama watoto wako. Msalimie karani akiamka. Wasalimie wote wanaosubiri kwenye lile benchi la nje, nadhani ni wale wale niliowakuta. Mume wangu angekusalimia lakini yuko drafti. Mama mkwe anakusalimia, anasema vyura wako wana heshima.

Ni mimi mke wa mchora mabango (mke wake, ndiyo, wa ndoa),
nyumba ya mwisho, yenye bango zuri kuliko zote

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha niliposikia mama mkwe akipiga ukelele chumbani. Nikakimbia, nikamkuta amesimama juu ya kitanda na ufagio mkononi. Mkurugenzi alikuwa amekaa katikati ya ule mto, ametulia, anamtazama bila kupepesa. "Huyu hanipishi!" mama akasema. "Nimeishi na marehemu baba mkwe wako miaka yote na hakuwahi kunitazama hivi!" Nikamkumbusha kwamba hasemi sana. Akasema nisimletee maneno. Ufagio ukashuka, Mkurugenzi akaruka dirishani, akapotelea bandani. Mama mkwe amekwishaondoka. Alinikumbatia vizuri, akaniambia mtoto akizaliwa nimpeleke kwake, na mto akaniachia, hautaki tena.

Mume wangu aliporudi kumsindikiza akasema twende tumwangalie Mkurugenzi kama ufagio haukumuumiza. Tukachukua tochi. Bwana Shamba, umewahi kumtafuta chura mwenye rangi ya udongo kwenye udongo, chini ya majani ya nyanya, jua linapozama? Ni kazi ngumu kuliko kiwavi! Lazima muiname kabisa. Lazima vichwa vigusane. Yule kinyozi alipita nje akiita, "Bwana harusi, zamu yako!" na mume wangu akamjibu bila kuinua kichwa, "Usinisumbue, niko kazini." Shavu lilinukia rangi ya mafuta.

Mimi nilimwona mapema. Alikuwa chini ya kigae karibu na beseni, mzima kabisa, ananitazama. Nikageuza tochi upande mwingine. Nikamwambia mume wangu huku hayupo, labda tutafute tena kesho.

Kwa hiyo namba moja hadi saba uzisamehe, na (a) hadi (d) uzichome, ila ile ya karani ibaki. Ningeichana barua yote, lakini mume wangu ameshaandika jina la ofisi yako kwenye bahasha kwa herufi zenye vivuli, bila kujua kilichomo ndani, na siwezi kuutupa mkono wake. Ofisini tutakuja vilevile, mimi na yeye, kabla mwezi haujaisha, na ndoo ni ile ile. Itakuwa tupu. Nimesikia mtaro wa nyuma ya ofisi yako una vyura wengi, wanene, ambao hawana la kufanya. Tuwekee.